Fundo Nililolivuta Kakamega

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye machinjio ya Butembo, nilizimia. Si kwa sababu ya damu. Kwetu Masereka nilikuwa nimeshaona mbuzi wakichinjwa tangu utoto. Ni kwamba Daktari Mkuu wa mifugo alipasua tumbo la ng'ombe ambaye mfugaji wake aliapa kuwa ni tasa, akatoa humo ndama aliyekwisha kuota manyoya. Nilipozinduka nilikuwa nimelowa chapachapa, wamenimwagia maji ya kuoshea utumbo, na Daktari amenisimamia kisu mkononi.

"Weye ni infirmier vétérinaire ao ni bibi-arusi?" akaniuliza. "Simama! Kata tezi ya taya, unionyeshe iko namna gani."

Nikasimama, nikakata. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wauguzi wa mifugo, ninyi vijana mnaoifanya leo mkiwa na glavu na mabuti meupe: kupasua tezi za taya na shingo kutafuta kifua kikuu, kupasua ini kutafuta minyoo, kisha kugonga muhuri wa wino wa zambarau juu ya paja. Nyama isiyo na muhuri haikutoka mlangoni, hata kama ni ya mkwe wa Daktari. Nilijaribu mara moja kumtetea mkwe huyo, sikurudia tena.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Beni, kwenye poste ya karantini, mahali ambapo ng'ombe wageni huzuiliwa na kuchunguzwa kwanza kabla ya kuchanganywa na wenzao. Mkubwa wangu pale alikuwa Chef wa poste, mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata akiwa amesimama kwenye mavi mpaka vifundoni. Sote tulimwita Chef. Mke wangu Kavira alimwita Chef, padri alimwita Chef, na yeye mwenyewe akipiga hodi alisema, "Ni Chef."

Yeye ndiye aliyenifundisha fundo la haraka. Ng'ombe akivuta, linakaza. Wewe ukivuta ile ncha fupi ya kamba, linafunguka mara moja. Kabla ya vita lilitusaidia ng'ombe alipojinyonga kwa kamba. Vita vilipokuja na kila mwenye bunduki akatamani nyama, likawa na kazi nyingine.

"Mukisikia masasi, vuta kamba, ngombe zikimbie," Chef alituambia kila asubuhi. "Zitarudia. Mutu akikufa, haarudie."

Siku wapiganaji walipokuja, jua lilikuwa kali, kweupe kabisa. Walitoka msituni mbio, majani kichwani, wanaimba. Tulivuta kamba zetu, ng'ombe wakatawanyika, isipokuwa mmoja. Huyo nilimfunga mimi, asubuhi, kwa fundo la kawaida, kwa sababu alikuwa msumbufu na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Badala ya kumwacha, nikabaki nahangaika na lile fundo kama mpumbavu. Chef alikuwa ameshavuka uzio. Akarudi, akanishika kola, akanisukuma.

"Iache! Kimbia, kimbia!"

Risasi ilimpata hapo hapo, mgongoni. Nilikimbia. Ninyi mnaoyaandika haya, andikeni hivyo hivyo, nilikimbia, na sikurudi kumzika, wala sijui nani alimzika, maana Beni yote ilikuwa barabarani. Mpaka leo sijaizoea habari hii. Nikiisimulia, nashangaa kama vile nasimuliwa.

Mimi na Kavira tulivuka mpaka Kasindi, tukapita Uganda, na lori la wafanyabiashara wa ng'ombe likatufikisha magharibi ya Kenya, upande wa Kakamega. Mzee mmoja, Shikanga, alinisikia nikimshauri jirani yake juu ya kupe, akatupa chumba na akanipa fahali wake nimtunze. Fahali huyo aliitwa Msumari, na kazi yake ilikuwa kupigana. Nilidhani wananitania. Kwetu dume ni la mbegu au la sufuria. Huyu alikuwa na mashabiki! Alikula vizuri kuliko mimi, na watu wazima walimwamkia kwa jina.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwetu, baba yake Shikanga alifariki. Katika ukoo ule mzee mkubwa akizikwa, mafahali hupelekwa kaburini kwa ngoma, kisha hupambanishwa. Fahali wa nyumba yenye msiba lazima asimame. Akigeuza mgongo, marehemu ameagwa kwa aibu, na watoto wake watalisikia hilo maisha yao yote. Shikanga hakulala vizuri wiki nzima.

"Kakule," aliniambia, "baba yangu hakuniomba kitu maishani. Nataka tu Msumari asimame."

Asubuhi hiyo nilimfunga Msumari kwenye nguzo kando ya uwanja, kwa fundo la haraka, maana tangu Beni sifungi lingine. Fahali wa wapinzani alikuwa ameshaletwa, anachimba udongo kwa kwato. Kavira alikuwa na akina mama. Halafu kutoka kwenye miwa wakatokea wanaume, wengi, fimbo juu, majani kichwani, wanakimbia, wanaimba.

Hakuna aliyeniambia kwamba waombolezaji huja hivyo. Nani angefikiri mtu mzima aambiwe?

Mkono wangu ulivuta ncha. "Kavira, kimbia! Banakuja!" nikapiga kelele, nikajitupa mtaroni, uso kwenye matope. Msumari alipojiona huru akashtuka na zile kelele, akageuza mgongo mbele ya kijiji kizima, akapotelea kwenye mahindi. Ngoma zikanyamaza.

Shikanga alikuja akasimama juu yangu. Alikuwa analia.

"Umenifanyia nini? Baba yuko pale, hata udongo haujakauka, na wewe umemwaibisha! Nimekukosea nini mimi?"

Nilitamani anipige. Nilipiga magoti mle mtaroni, nikamwambia kila kitu.

"Mzee, munisamehe. Kwetu, batu ba majani kichwani hapana kuja kuimba. Banakuja kuua. Chef yangu alikufa juu ya fundo yangu, mi niliifunga mubaya."

Shikanga akayatoa majani ya maombolezo aliyovaa kichwani, akayaweka chini polepole. Wengine nao wakayatoa, mmoja mmoja.

"Mlimzika wapi?"

"Hatukumuzika."

Akawageukia wazee. Walibishana kwa lugha yao muda mrefu. Mmoja alitema mate, akaondoka. Kisha Shikanga akanirudia.

"Baba ameagwa hivyo alivyoagwa, siwezi kubadilisha. Lakini huyo mtu wako ataimbwa leo, hapa, pamoja na yeye. Taja jina lake."

"Chef," nikasema.

"Hicho ni cheo. Jina."

Nilimtazama Kavira, naye akatazama chini. Mtu aliyenisukuma nikaishi, na kichwani mwangu hakuna jina lake! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokimbia. Wakaimba "Chef, Chef", watu zaidi ya mia, na kila walipoitikia nilitaka ardhi inimeze.

Siku ya nne, Msumari akiwa ameshapatikana, nikimtoa kupe sikioni, jina likaja lenyewe. Kabeya. Kabeya Anaclet. Nilikwenda mbio kwa Shikanga, mikono michafu. Hakuniuliza chochote. Alichukua ngoma, tukaenda kaburini kwa baba yake, wawili tu, na akaliimba mpaka sauti ikamkauka.

Tulirudi Butembo njia zilipopitika. Nilifanya kazi machinjioni mpaka nikastaafu, na sasa vijana wenzenu wenye muhuri huja kwangu kuniuliza juu ya ini lenye madoa au tezi iliyovimba. Wanaingia wakisema, "Chef, bonjour." Nawakatiza hapo hapo. Nawaambia waniite Kakule, na kila mmoja anitajie majina yake yote kabla hajakaa. Wanacheka, wanadhani mzee ni mnyenyekevu. Si unyenyekevu. Ni woga.