Somo la Kukalia Helmeti

Katika chuo kimoja cha Nebraska, Marekani, Darlene Vrbka alifundisha utabibu wa wanamichezo, na somo lake la kwanza halikuwa bandeji. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa helmeti na kugongana, akigongwa kichwa, alisema, mnyang'anye helmeti, maana bila helmeti harudi uwanjani.

Jumamosi moja nyota wa timu ya chuo aligongwa, akapepesuka. Darlene akaichukua helmeti yake, akaikalia.

"Mama, inuka, tunafungwa!" kocha akafoka.

"Fungweni! Huyu hajui hata leo ni siku gani."

Kwa jeuri hiyo akapigwa marufuku kukanyaga uwanjani, abaki na chaki zake darasani. Akabaki, akafundisha.

Msimu uliofuata mchezaji mwingine akagongwa. Kocha akageuka kuitafuta helmeti, akakuta mwanafunzi wa Darlene ameikalia.

"Inuka wewe!"

"Siinuki, kocha. Ndicho nilichosomea."