Cheti cha Baiskeli ya Betri

Tulipokimbia vita vya Uvira, mke wangu alinibeba mgongoni, mimi mwenye digrii na miguu iliyokufa tangu utoto. Niliapa kwamba hatanibeba tena. Kwa hiyo fundi mmoja wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, alipofunga mota ndogo na betri kwenye baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, nilijiona nimezaliwa upya. Jumatatu nilikwenda Area 49, mtaa wa mjini, kufundisha Kifaransa, Ijumaa nikarudi, bila kusukumwa na mtu.

Kisha nikasikia polisi wanauliza habari za baiskeli zenye mota. Ruhusa ya kutoka kambini nilikuwa nayo, lakini moyo haukutulia. Nikafanya jambo ambalo kila Mkongo aliyepita vizuizi vya vita angefanya: nikatafuta muhuri. Kwetu askari aliishika karatasi juu chini, akauheshimu wino. Nikaandika cheti kwa Kiingereza cha chuo kikuu, nikaeleza mota, nguvu yake, na kasi yake, ambayo niliiongeza kidogo kwa fahari. Pasta wetu akagonga muhuri wa kanisa mara tatu.

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alitazama magurudumu, akatazama miguu yangu, akapunga mkono, akaniambia kwa lugha ya kwao nipite.

“Pitani, bambo.”

Njia ilikuwa wazi. Nami nikasimama nikampa karatasi.

Huyu alijua kusoma. Alisoma yote.

“Kumbe ni pikipiki. Namba iko wapi? Leseni?”

“Ni miguu yangu, bwana.”

“Miguu gani inakimbia hivi?” Akaweka kidole kwenye ile kasi.

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, bila ubaya, niisajili, nifanye mtihani wa udereva. Breki ya mtihani hukanyagwa kwa mguu. Au nikae nyumbani.

Baiskeli ikabaki kituoni. Karatasi alinirudishia.

Kabaza, baiskeli ya abiria, ilinifikisha kambini, ikashindwa na tope la kichochoro chetu. Mke wangu akaja, nikamsimulia, akainama mbele yangu.

“Panda, papa ya batoto.”

“Acha, mi nitatambaa.”

“Utambae na hiyo diplome? Alikuambia pita, we mwenyewe ulimupa karatasi! Panda.”

Nilipanda. Kule Uvira alikuwa bado msichana. Sasa nilisikia magoti yake yakilia kila hatua, na cheti kikikwaruza mfukoni, kati ya kifua changu na mgongo wake.