Siku Niliyofundisha Wamama wa Sarang'ombe Kupumua

Hii aibu nimeificha hata kwa dada yangu, lakini wacha niwaambie nyinyi, maana mkiisikia kutoka Kibera mtakuta imeongezwa chumvi. Mimi ni fundi wa nguo hapa Gatina, na mwaka jana nilishikwa na moto wa afya, si ya mwili peke yake, ati mwili, akili na roho vyote pamoja, nikaacha mandazi, nikaacha hasira (karibu zote), na kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani nakaa kwa stuli nimefunga macho, napumua polepole, na kusema kweli nilijisikia mtu mpya. Binamu yangu Awinja, chairlady wa wamama wa kanisa lao Sarang'ombe, huko Kibera, akaniita niende niwafundishe. Nilifurahi mpaka nikajishonea dera.

Nikafunga siku mbili bila kula, ndio roho iwe tayari, na nikawatangazia wale wamama kwamba nimefunga. Hiyo ingetosha. Lakini Jumamosi asubuhi mtu wa boda alipokuja kunichukua nikamwambia aende tu, nitakimbia, ndio mwili nao upate zoezi lake. Gatina hadi Sarang'ombe, tumbo tupu, na njiani napungia watu mkono kama bingwa.

Nilifika nimebebwa na furaha tu. Wamama kama hamsini wananingoja. Wakanifunga maikrofoni ndogo kwa kola, wakanipa kiti cha pasta (kile cha sponji), nami nikawaambia wafunge macho wafuate pumzi yangu, chochote watakachosikia wafanye vivyo hivyo. Nikafunga yangu. Kulikuwa na joto la mabati, kimya, na ile sponji.

Yaliyofuata nilielezwa na Awinja. Nilianza kukoroma. Na wamama, kwa utiifu, wakakoroma na mimi, kanisa zima, hadi wapita njia wakajaa mlangoni. Bado ilikuwa na heshima yake kidogo. Halafu spika zikatoa sauti yangu ya ndotoni, namwambia mume wangu wazi kabisa: "Baba Mercy, hiyo omena usimalize. Niachie na ugali."

Nyanya mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama hayo pia wayarudie.

Kicheko ndicho kiliniamsha. Watu wanalia machozi, wameshikana wasianguke, na mimi mwalimu wao nina udenda hadi kwa dera. Nikatafuta mlango. Awinja akanishika mkono, akanikalisha, akanipa kikombe cha uji wa wimbi na kuninong'onezea, "Kunywa, Mama Mercy. Roho yako iko sawa, ni tumbo linadai haki yake." Maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi. Kanisa lote likajibu amina.

Mazoezi sijaacha, na kufunga bado nafunga. Lakini nimeapa, mwili, akili na roho sitavitesa tena vyote siku moja: kila kimoja kitangoja zamu yake, na kitangoja kikiwa kimeshakunywa chai.