Mtoto Mmoja au Zaidi

Tung! Mlio mfupi, mkavu, kama kijiko kilichoangukia sinia tupu. Kompyuta ya daktari ilitoa mlio huo kila ilipokataa kitu, na mpaka leo kijiko kikianguka jikoni nageuka kutazama ni nani kakataliwa.

Niseme kwanza daktari alikuwa nani. Hakuwa wa kutibu. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtafiti wa uhandisi wa programu. Akina mama wa machimboni waliposikia daktari amefika, walipanga mstari na vikohozi vyao na migongo yao. Akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na dunia, kwamba yeye ni daktari wa programu.

"Sasa hizo programu zinaumwa nini, baba?" mmoja akauliza.

Walicheka mpaka nyundo zikawatoka mikononi. Yeye hakucheka. Sikuwahi kumwona akicheka kitu ambacho hakukisema mwenyewe.

Alinikuta Nyasubi, pale Kahama, kwenye duka la steshenari nilikokuwa nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Nina kidato cha nne, tena si cha kujivunia, na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Alileta michoro yake nimchapie: masanduku na mishale, masanduku na mishale, kurasa kumi na nane. Alipoona vidole vyangu vinavyokimbia akasema, "Binti, unaweza kuwa msaidizi wangu wa utafiti." Mwenzenu niliruka juu nyuma ya mashine. Nilipofika nyumbani nilijaza ukurasa mzima wa daftari nikijaribu saini yenye "Dkt." mbele ya jina langu. Nawaambia hili ili mkiona namcheka, mjue nilianza kwa kujicheka.

Njiani kwenda Kharumwa alinisimulia maisha yake ya usomi, na mimi nilisikiliza kama mtoto anayehadithiwa. Shahada ya pili aliipata kwa kuandika jinsi kitu kimoja ndani ya programu kinavyorithi sifa za kitu kilicho juu yake. Ya uzamivu akaipata kwa kuandika hayohayo, marefu zaidi. Baada ya hapo kila mwaka makala moja, na kila makala safari moja ya ndege. Mfano wake ulikuwa uleule tangu ujana: ng'ombe. Juu kabisa sanduku la Mnyama, chini yake sanduku la Ng'ombe. Ng'ombe amerithi umri na uzito, na kazi yake ni moja tu, kulia.

"Ni mfano safi sana," alisema.

Mimi nimezaliwa Usukumani. Nilingoja aniambie ng'ombe huyo ni wa nani, anachungwa na nani, alikuja kwa mahari ya dada yupi. Wapi! Miaka yote hiyo amefundisha ng'ombe asiye na mwenyewe, ana uzito tu na analia. Tulipokutana na kundi la ng'ombe wa kweli barabarani, daktari alipandisha kioo cha gari upesi, akamwambia dereva apige honi. Mchungaji alitutazama kama watu wenye wazimu. Ng'ombe hawakusogea. Pengine hilo hawakurithi.

Kazi ilikuwa kwenye machimbo madogo ng'ambo ya Kharumwa, ambako wanaume wanachimba na wanawake wanaponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kwenye karasha kusagwa. Uongozi wa machimbo ulikuwa umezungusha uzio, na kuanzia Jumatatu asiye na kitambulisho asingepita getini. Asiyepita hapondi, na asiyeponda hali. Daktari alijitolea kuwatengenezea programu ya kuwaandikisha, bure, ili naye apate makala. Wakaona wamebahatika. Hata mimi niliona hivyo.

Kabla ya kuitengeneza alipitia daftari la zamani la katibu, kwa siku moja. Humo kila mwanamke ameandikwa Mama fulani, kwa jina la mtoto. Kwetu ndivyo ilivyo, mwanamke mtu mzima huwezi kumwita jina lake kavukavu kama unaita kuku. Daktari hakumwuliza mtu. Alichora sanduku la Mtu, chini yake Mwanamke, chini yake Mama, na ndani ya Mama akaweka masharti: awe na mtoto mmoja au zaidi, na kila mtoto awe na mama mmoja tu. Kisha akaegemea kiti na kuutazama mchoro kama mtu aliyemaliza kuumba.

Siku hiyohiyo akanipa hitimisho la makala nichape. Liliandikwa kwamba watumiaji wote waliandikishwa bila tatizo. Hatukuwa tumemwandikisha hata mmoja. Nilipouliza, akanipigapiga begani.

"Utafiti ni kujipanga, binti."

Sasa nije kwa mama niliyepanga chumba kwake. Alikuwa mponda mawe, mtu wa umri, na kila asubuhi nilikuta amenibakizia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga chini ya kawa. "Mwangaluka, mayu," namwamkia, naye anacheka Kisukuma changu cha mjini. Hakupata kuzaa. Alipoolewa pale zamani, jirani yake alimpa jina la mtoto wake wa kwanza aitwe nalo, na tangu hapo wanawake wawili wakawa mama wa kijana mmoja. Hakuna aliyewahi kuwachanganya. Kijana alipofaulu kwenda sekondari, vigelegele vilipigwa kwenye nyua mbili.

Jumamosi asubuhi jirani aliandikishwa wa kwanza. Akafuata mama yangu wa chumba, akakaa kwenye kiti mbele yetu, vumbi la mawe limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mtoto?" daktari akauliza.

Akataja jina. Nikachapa. Tung! Kioo kikaandika kwamba mtoto huyo tayari ana mama.

"Ana mama wawili," jirani akasema kutoka mlangoni. "Sisi wenyewe hatugombani, hiyo kompyuta inagombana na nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Daktari akainama mbele.

"Huyo mtoto umemzaa wewe?"

Kicheko kikakatika. Swali hilo haliulizwi mbele za watu, wala halihitaji shahada kulijua.

"Sikujaliwa, baba."

"Weka sifuri," akaniambia. Nikaweka. Tung!

"Tumwandike kwenye sanduku la Mwanamke tu," nikasema.

"Hilo ni la kurithiwa. Halitoi kitambulisho."

"Basi tupunguze sharti la Mama."

"Nikigusa sanduku la Mama, michoro yote inabadilika, na makala imeshakwenda. Huyu ni mmoja tu. Utafiti haumwangalii mmoja. Anayefuata!"

Yule mama akainuka. Kabla ya kuondoka alichukua pindo la kanga yake akafuta kiti, asikiachie vumbi. "Wabeja, baba," akasema. Alimshukuru! Nimewadharau watu wachache maishani, na huyo daktari nilimdharau pale pale, kwa kiti kile, wakati yeye anatafuta jina linalofuata. Nasikia siku hizi ni profesa. Sawa. Masanduku yamempandisha.

Mimi macho yalikuwa yananichoma. Mama aliponipita akaniinamia, akaniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Usilie, ng'wanone. Utalowesha mashine ya watu."

Mchana daktari alikwenda kula. Alipenda sato wa kukaanga, na alimtoa miiba polepole kama anamfanyia utafiti, kwa hiyo nilijua nina muda. Nilibaki peke yangu kwenye ofisi ya mabati, joto linavuma, nje nyundo zimenyamaza.

Nikamfungua tena yule mama kwenye kompyuta. Penye mtoto nikachapa majina yangu matatu. Mama yangu mzazi yuko hai, analima mpunga upande wa Shinyanga, na angecheka sana. Lakini hakuwemo kwenye mfumo, kwa hiyo mfumo haukuwa na cha kugombea. Nikabonyeza, nimefumba jicho moja.

Kimya.

Basi hitimisho la daktari likawa kweli, watumiaji wote bila tatizo, na ukweli huo hakuutengeneza yeye. Kitambulisho kilitoka kwenye printa kikiwa na joto bado. Nikakivisha nailoni, nikakipitisha kwenye mashine ya moto. Kisha nikachukua mkasi nikazikata pembe zake nne ziwe mviringo, zisije zikamchoma anapokifunga kwenye pindo la kanga.