Mawese Hayachomwi

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo uso unaniwaka moto, na ndiyo nitakayokusimulia kabla sijakupa hayo maharage yako.

Umekuja kutoka Katubuka na daftari na kalamu, unataka nikutajie vipimo vya maharage. Chumvi kiasi gani, mafuta vijiko vingapi. Mkweo anakuja kukaa kwako wiki ijayo na hujui utampikia nini. Mimi vipimo sina, nina mkono wangu na hadithi moja, na hadithi yenyewe hainisifu hata kidogo. Lakini wamesema jungu kuu halikosi ukoko. Kaa hapo mkekani, weka kalamu chini kwanza, maana nikimwona mtu anaandika huku mimi naongea, nasahau nilikofika.

Nilipoolewa na babu yako nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ni mtoto wa Ujiji, Mmanyema, nimelelewa kwa mawese kama mwenzangu alivyolelewa kwa maziwa. Kwetu hata kanga za jikoni zilikuwa na madoa ya njano yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Tatizo langu ni kwamba nilikuwa nimesoma. Shuleni tulikuwa na somo la upishi, na mwalimu wetu alitufundisha kupika kwa mafuta ya kopo, meupe, yasiyo na harufu. Alisema mwanamke mstaarabu chakula chake hakinukii mpaka barabarani. Neno hilo nililishika kuliko hesabu zote, nikaingia nalo kwenye ndoa.

Babu yako alikuwa mwalimu. Ilikuwa enzi za Ujamaa, watu wanahamia vijiji vipya, naye akapangiwa shule ya kijiji kimoja upande wa Ilagala. Tukapewa nyumba ya vyumba viwili, na jirani yetu alikuwa mke wa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole kutoka mkoa wa mbali, ambaye hakuwahi kuona mawese yakiliwa tangu azaliwe. Mafuta ya kopo huko hayakupatikana, kwa hiyo siku ya kwanza nilimpelekea mboga ya mawese kwa ujirani. Akaonja, akafuta vidole kwenye kitambaa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwenzangu, haya si ndiyo mafuta ya kupaka nywele?" Maskini, hakuwa na nia mbaya, alikuwa anauliza tu. Ila mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Tangu siku hiyo nikaanza kuchoma mawese. Hujui kuchoma mawese, sivyo? Afadhali. Unayatia kwenye sufuria peke yake, unachochea moto mpaka yafuke moshi, rangi nyekundu inapotea, harufu inapotea, yanabaki mafuta yaliyopauka tu. Ukipikia hayo, mgeni hatambui kama ni mawese. Nilijiona mjanja kweli kweli. Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi mbacha wangu nilikuwa nauficha uvunguni.

Mwaka huo huo mama mkwe wangu akaja kuishi nasi. Alikuwa mjane, Muha wa kule juu vilimani, na alikuwa na shamba la michikichi alilolipanda na marehemu mumewe. Watu wa kitongoji chake walihamia vijiji vipya, kila mmoja alikopangiwa. Yeye alikuwa mzee, hana wa kumjengea nyumba huko, kwa hiyo babu yako akaenda kumchukua. Akateremka kwenye lori na mkeka, blanketi moja, na kibuyu kikubwa alichokuwa amekipakata njia nzima. Kabla hata hajanyoosha miguu alinikabidhi kibuyu kwa mikono miwili, akasema maneno mengi ya Kiha, babu yako bado yuko kwa dereva.

Sasa Kiha changu mimi kilikuwa cha sokoni. Najua kusalimia kwa mwakeye, najua bei ya samaki, basi. Nikapiga magoti, nikasema, "Asante, mama," nikafungua kibuyu, nikaona ni mawese. Nikakiweka nyuma ya mlango wa jiko na kuendelea na kazi zangu.

Nikaanza kumpikia. Nilipika kwa moyo, wallahi, hilo hakuna atakayeninyima. Leo wali, kesho mgebuka mbichi kutoka ziwani, keshokutwa maharage niliyoyaunga vizuri kwa mawese yangu niliyoyapausha. Mama mkwe alikuwa ananawa, anamega tonge la kwanza, la pili, halafu anasogeza sahani taratibu na kusema neno moja la Kiswahili alilokuwa analijua vizuri: "Nimeshiba." Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu wa safari. Wiki ya pili nikaanza kuona mashavu yake yameingia ndani. Ulipotimia mwezi, ile kanga aliyokuja nayo ilikuwa inamzunguka mara mbili, na kutoka barazani kwenda uani alikuwa anashika ukuta.

Babu yako akampeleka zahanati. Wakampima, wakasema hana homa, hana kidonda, moyo unapiga sawasawa, ajitahidi kula. Aliporudi akakaa kwenye kizingiti na viatu vyake mkononi, akaniambia, "Mama anaisha, kila nikimwuliza ananiambia ameshiba tu, na mimi sijui nifanye nini." Hakunilaumu hata kwa jicho. Angenilaumu ningepata pa kuanzia ugomvi. Nilichofanya, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia yule mama moyoni. Nikasema huyu hanitaki. Alitaka mwanawe aoe Muha mwenzake, sasa anakufa kwa njaa nyumbani kwangu ili watu waseme nimemuua.

Kulikuwa na mama mmoja akiitwa Mama Sefu, wa familia za mwambao wa ziwa zilizotoka Kongo zamani. Kila Jumatatu alikuwa anakuja na ungo wa dagaa kichwani, anatembeza nyumba kwa nyumba. Kiha anakijua, Kiswahili anakijua, Kibembe anakijua, na lugha ya kusengenya anaijua kuliko zote. Jumatatu moja asubuhi nilimsikia barazani akizungumza na mama mkwe. Nikashangaa, maana mama mkwe alikuwa anaongea, tena kwa kirefu, na hapo nyumbani kwangu nilikuwa sijamsikia akisema maneno kumi mfululizo. Mimi nilikuwa jikoni, sufuria motoni, nachoma mawese ya siku ile.

Mama Sefu akazunguka uani, akasimama mlangoni.

"Mwali, unachoma nini?"

"Mawese, mama."

"Ya kwenye kibuyu kile?"

"Ndiyo, mama."

Hakuniomba ruhusa. Alishika sufuria kwa pindo la kanga yake, akaiepua, akaiweka chini kwenye mchanga. Kisha akakalia kigoda changu, mimi nikabaki nimesimama kama mgeni.

"Siku alipokupa kibuyu, mkweo alikwambia nini?"

"Sikuelewa, mama. Nilisema asante."

"Ulisema asante." Akatikisa kichwa. "Alikwambia, haya ni mawese ya michikichi yangu, niliyopanda na mume wangu. Niliyakamua kwa mikono yangu siku mbili kabla ya kuondoka. Ni ya mwisho, miguu yangu haitanirudisha tena kule. Nakupa wewe, ulishe nyumba ya mwanangu. Ndivyo alivyokwambia. Na mwezi mzima huu anakaa pale barazani, anayasikia harufu yakiungua."

Mwanangu, nilikwenda nyuma ya mlango nikakitikisa kile kibuyu. Kilikuwa kimebaki robo.

Nikaanza kulia. Nikamwambia sikujua, sikujua. Mama Sefu hakunibembeleza. "Hukujua kwa sababu hukuuliza," akasema. "Shule umesoma, vitabu umesoma, lakini mwezi mzima hukumwuliza hata mumeo akutafsirie maneno ya mama yake? Hapa kijijini Waha wamejaa, hata watoto anaowafundisha mumeo wangekusaidia. Sasa futa uso. Machozi hayaungi mboga. Kama ni kulia, kalilie kwake, si kwangu." Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wangu siku hiyo ulikuwa mama mwenye harufu ya dagaa, amekalia kigoda changu mwenyewe.

Tukaenda barazani. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe nikasema yote: mafuta meupe, somo la upishi, jirani na mafuta yake ya nywele. Mama Sefu anatafsiri. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mapajani. Nilikuwa nangoja aseme juu ya mawese yake. Badala yake alisema hivi, na Mama Sefu aliyatafsiri polepole neno kwa neno:

"Mafuta ni mafuta. Ningekuwa na nguvu ningekamua mengine. Mimi nilidhani unanionea aibu mimi. Nikasema moyoni, mtu akikuonea aibu, chakula chake hakipiti kooni."

Nilitaka kukataa. Lakini ilikuwa kweli. Nilikuwa namwonea aibu. Miguu yake ya shamba, Kiswahili chake cha kukatika, harufu ya mawese kwenye blanketi lake. Nilikuwa nimemwekea mkeka upande wa uani ili wageni wa mwalimu wasimkute mbele. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa nafsi yangu, na yeye alikuwa analijua siku zote hizo. Nikainamisha kichwa magotini kwake, nikamwambia, "Ni kweli, mama. Nisamehe." Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Mwana wanje," mwanangu, kisha akajishika ukutani, akasimama, akanivuta mkono kuelekea jikoni. Mama Sefu akatuachia konzi mbili za dagaa, akaendelea na safari yake.

Sasa chukua kalamu, hapa ndipo penye maharage.

Nilikuwa nimeshayachemsha. Mama mkwe alichukua harage moja, akalibonyeza kwa vidole viwili, likasagika, akakubali. Kama halisagiki, rudisha jikoni, haraka haina baraka. Chumvi usiitangulize, itie maharage yakishaiva. Akakata kitunguu kimoja, akakitumbukiza humo humo bila kukikaanga. Akavuta kuni nje, yakabaki makaa. Ndipo akachota mawese mabichi kutoka kibuyuni, upawa mmoja, akayamimina juu na hakukoroga. Nilipotaka kukoroga alinipiga kofi dogo mkononi. Yaache yatokote taratibu mpaka mafuta yenyewe yapande, yasimame juu mekundu, na harufu ifike kwa jirani. Dagaa akawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, maana wameanikwa mchangani, akawakausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka wakakamae, akawamwaga juu ya maharage. Ugali ni wa muhogo. Maji yachemke kweli kweli, unga uingie kwa mara moja, halafu usonge bila huruma mpaka uvutike. Basi. Hakuna kingine. Chakula kizima hicho hakijazi ukurasa mmoja wa daftari lako.

Tulikula sahani moja, yeye na mimi, chini kwenye mkeka. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho. Alimega tonge la kwanza, la pili, la tatu, halafu mimi mwenyewe nikasahau kuangalia kwa sababu kilikuwa kitamu. Katikati ya kula akasogeza dagaa wote upande wangu, kama mama anavyomfanyia mtoto. Babu yako aliporudi shuleni akatukuta tunapangusa sahani. Alisimama pale mlangoni na chaki zake, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia ni vumbi la chaki.

Babu yako alitaka tubakize mawese kidogo kibuyuni yawe ukumbusho wa shamba la baba yake. Mama mkwe akakataa, akasema mafuta yakikaa sana yanachacha, na mume wake hakupanda miti ili watu waiangalie. Tukayapika yote. Yalipokwisha nilidhani atasononeka, lakini siku hiyo ndiyo aliyoanza kunifundisha Kiha, kwa lazima, akigoma kunijibu nikimwuliza kwa Kiswahili. Aliishi na mimi miaka saba mingine. Aliponiaga, aliniaga kwa Kiha, nami nilielewa kila neno.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uiandike chini ya maharage. Mkweo akifika, usimpikie chakula cha kumwonyesha wewe ni nani. Mpikie anachokijua, kwa rangi yake na harufu yake, na majirani wakiuliza, wakaribishe. Akisogeza sahani, usikimbilie kubadilisha mboga wala usinune. Kaa naye chini umwulize, na kama lugha yenu haikutani, tafuta wa kuwaunganisha siku hiyo hiyo, usingoje mwezi. Halafu ujichunguze moyoni kama kuna kitu chake unachokionea aibu. Ukikikuta, kitubu mapema, maana wazee tunakijua kabla yenu. Tunanyamaza tu.

Mungu akupe mkono mwepesi na subira ndefu. Akujalie maharage yanayoiva upesi na wakwe wenye njaa. Na huyo mama anayekuja, aingie kwako kwa heri, ale kwako kama alivyokula kwa mama yake, na siku atakayoondoka hapa duniani awe ameshaacha zamani kujiona mgeni nyumbani kwako. Amina, mwanangu.