Mshindo Uliomfunika Kahindi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, miaka ile ya arubaini, vita vilipokuwa vimekwisha. Mume wangu Athumani aliingia nyumbani kwetu Mji wa Kale, vumbi tangu utosini hadi nyayoni, akaketi kizingitini asitoe hata salamu. Na yeye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa salamu ndefu.

Alifanya kibarua kwa Wazungu waliotafuta mafuta kule bara, ng'ambo ya daraja la Makupa. Walichimba shimo, wakatia baruti na kuilipua, kisha wakasikiliza mwangwi unaorudi kutoka miambani. Vyombo vya kusikilizia vilipangwa ardhini, vikaungwa kwa waya hadi kwenye lori, na humo mwangwi ukachorwa mistari karatasini. Miamba ya juu ilionekana. Ya chini kabisa, waliyoitaka wao, mistari yake ilikuwa vurugu tupu. Basi bwana mkubwa akawa kila kukicha aongeza baruti. Ngoma ikilia sana hupasuka, lakini nani angemwambia?

"Kuna nini?" nilimwuliza Athumani. "Umefukuzwa? Umepigana? Sema basi!" Nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia madirishani.

Mavyaa wangu Bi Rukia, mamake Athumani, akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Mwanangu, hebu nyamaza," akanambia. "Neno lake latoka mbali, nawe walifunika kwa kelele. Mpe maji, ukae naye."

Niliona haya. Nikampa maji, nikakaa. Alipomaliza kunywa akasema, "Kahindi amekufa. Baruti ilizidi, shimo likabomoka, udongo ukamfunika. Na mkewe kule Rabai hajaambiwa na mtu."

Kahindi! Mwenzake Athumani wa kibarua, juma lile lile alikula mahamri barazani petu, akamtania Bi Rukia hadi akalia kwa kucheka. Kesho yake sote watatu tulikwenda Rabai. Mkewe alikuwa akitwanga. Alipotuona, aliuweka mchi chini kabla hatujanena.

Lakini kilichotupiga butwaa kilikuja baadaye. Aliletwa mtaalamu mwingine. Yeye alipunguza baruti, akaishusha chini zaidi, kuupita udongo laini, akaunganisha vyombo vingi pamoja na kuamuru malori yazimwe. Mistari ya chini ikatokea, safi kabisa. Jioni Athumani alirudi nyumbani, akamwendea mama yake.

"Kumbe mshindo wenyewe ndio uliokuwa ukiufunika mwangwi," alisema. "Baruti ile haikuhitajika, mama. Haikuhitajika!"

Bi Rukia alishika kichwa.

Mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukitaka mtu akufungulie moyo, au kazi ikufungulie siri yake, usizidishe nguvu kabla hujasikiliza. Na Mungu akikufanya mkubwa wa kazi, kumbuka kwamba aliye karibu na shimo ni mume wa mtu. Mola akupe sikio tulivu na ulimi wa kiasi, na kila atokaye mlangoni pako asubuhi akurudie salama. Amin.