Choki Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mashine ya kukoboa mpunga ya shangazi yangu Mwanahawa ilipogoma pale Ikwiriri, na harusi ya binti yake ni kesho. Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, injini ndogo za petroli zikaanza kuonekana madukani. Mpunga wa pilau ulikuwa bado umevaa maganda.

Injini iliwaka vizuri ikiwa baridi. Ikishapata moto, ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Waliokuwapo walisema petroli ya siku hizi ina maji. Mimi, niliyetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nikashika spana nilimwage tangi zima.

“Umeyaona hayo maji, baba, au umeambiwa?” shangazi akauliza.

“Nimeambiwa, shangazi.”

“Basi waite waliokuambia, mtwange pamoja. Vinu viko uani.”

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akaninyooshea mchi.

Nikakinga petroli kidogo katika glasi: safi, haina hata tone la maji. Ndipo nikafungua chujio la hewa. Injini ile ilikuwa na choki inayojiendesha, yaani kibati mdomoni mwa kabureta kinachoziba hewa injini ikiwa baridi, na springi inayokifungua kadiri joto linavyopanda. Injini ilikuwa ya moto, nacho kibati kimeziba. Nilipokigusa, kilinata kama gundi, mafuta yameshikana na vumbi la pumba; injini ilikuwa inanyimwa hewa.

“Nani kapaka mafuta hapa?”

“Mie,” alijibu kwa fahari Sefu, mwendesha mashine. “Ya nazi. Kwetu Kiongoroni, kando ya bahari, chuma usichokipaka huliwa na chumvi.”

“Kwenu chumvi, hapa pumba,” shangazi akamwambia. “Umeipikia mashine yangu kashata!”

Sefu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Tuliiacha injini ipoe. Nikasafisha kibati na vijiti vyake kwa kitambaa chenye petroli, nikaviacha vikauke, kisha nikalegeza kifuniko cha springi, ambacho mtu alikuwa amekikaza kupita kiasi, nikakirudisha kwenye alama yake ya kiwandani. Tukawasha. Injini ilipopata joto, kibati kikafunguka taratibu mbele ya macho yetu, moshi ukaisha, na mchele mweupe ukaanza kumiminika. Vigelegele vilisikika hadi barabara kuu. Kesho yake tulikula pilau, na Sefu alicheza kuliko bwana harusi.

Mwanangu, usitengeneze kitu kwa maneno ya watu. Kitazame kwanza kikiwa baridi, kitazame kikiwa cha moto, ndipo ushike bisibisi. Na hata jambo lililo kweli mahali pengine, uliza sababu yake, kisha uangalie kama sababu hiyo ipo mahali uliposimama. Sefu hakuwa mjinga. Alisahau tu kuuliza hilo.

Mwenyezi Mungu akujaalie jicho la kuchunguza, mkono mtulivu, na watu wa kukuuliza, kwa mapenzi, umeona au umeambiwa. Amina.